Bendera ilipanda usiku mmoja, serikali ilichukua miaka: Nyerere alivyoijenga Tanganyika

Kila ikikaribia tarehe 9 Desemba, mabishano yale yale hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp. Mmoja anaandika kwamba siku hiyo mwaka 1961 Mwalimu Nyerere aliapishwa kuwa Rais. Mwingine anamsahihisha: aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania. Wa tatu anauliza, kama alikuwa Rais, mbona Waziri Mkuu wa mwaka uliofuata alikuwa Kawawa, na Malkia wa Uingereza alikuwa anatafuta nini kwenye mambo yetu? Nusu saa haijapita, watu wazima wameshaanza kutukanana.

Simlaumu yeyote kati yao. Shuleni tulikaririshwa tarehe, hatukuelezwa kazi iliyofanyika kati ya tarehe moja na nyingine. Kazi yenyewe ndiyo iliyo na utamu. Mtu wa miaka 39, mwalimu aliyewahi kufundisha Pugu, anapokea nchi kubwa yenye watu kama milioni tisa, barabara chache na wasomi wa kuhesabika, kisha anatakiwa kuhakikisha mshahara wa karani wa Songea unafika mwisho wa mwezi. Anaanzia wapi?

Kwanza tuyaweke maneno sawa.

Chukua shule ya msingi ya kijijini kwenu. Shule yenyewe, yaani jina lake, kiwanja chake na usajili wake, inabaki pale pale hata mwalimu mkuu akihamishwa. Hiyo ndiyo dola. Mwalimu mkuu na wasaidizi wake, wanaoamua mwaka huu tufanye nini, ndio serikali. Walimu wa darasani, karani, mtunza stoo na mlinzi, ambao kazi yao inaendelea mkuu akiwa yeyote, ndio utumishi wa umma. Halafu wapo wazazi waliokutana chini ya mwembe wakasema mkuu huyu hatumtaki, tunamtaka yule. Hao ndio chama.

TANU, iliyozaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa mkutano wa mwembeni. Ilikuwa hodari wa kuhamasisha, kukusanya ada na kujaza viwanja. Lakini wengi wa watu wake hawakuwahi kuingia hata stoo ya shule hiyo, sembuse kuiendesha.

Madaraka, Uhuru, Jamhuri

Hapa ndipo mabishano mengi yanapozaliwa. Tufikirie duka. Mwenye duka anaweza kukuachia uuze na kupanga bidhaa, huku funguo za kasha la fedha akibaki nazo yeye. Anaweza baadaye kukuachia duka zima, ila jina lake likabaki juu ya mlango. Mwisho kabisa unapaka rangi mpya na kuandika jina lako. Tanganyika ilipita hatua zote hizo, na haikuchukua muda mrefu.

Katika uchaguzi wa Agosti 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Mwezi uliofuata Nyerere akawa Waziri Kiongozi, lakini Gavana, Sir Richard Turnbull, bado alikuwa na kauli ya mwisho. Tarehe 1 Mei 1961 nchi ikapata serikali kamili ya ndani na Nyerere akaitwa Waziri Mkuu. Tarehe 9 Desemba 1961 ukaja Uhuru: bendera ya Mwingereza ikashuka, yetu ikapanda, na Luteni Alexander Nyirenda akapeleka Mwenge na bendera juu ya Kilimanjaro. Hata hivyo mkuu wa dola kisheria alibaki kuwa Malkia Elizabeth II, kama ilivyokuwa kwa Canada na Australia, na Turnbull huyo huyo akawa Gavana Mkuu anayemwakilisha. Nyerere aliendelea kuwa Waziri Mkuu.

Urais ulikuja mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 9 Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri. Tanzania, kwa upande wake, ilikuwa bado haijazaliwa. Muungano na Zanzibar ulifanyika tarehe 26 Aprili 1964, na jina hilo likaanza kutumika Oktoba ya mwaka huo. Kwa hiyo anayesema Nyerere alikuwa Rais wa Tanzania mwaka 1961 amekosea mara mbili katika sentensi moja.

Nigusie na hili kwa haraka, maana nalo huchanganya watu: Tanganyika chini ya Mwingereza haikuwa koloni kama Kenya. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Ndiyo maana Nyerere aliweza kwenda New York mwaka 1955 kulisemea dai la nchi yake mbele ya wadhamini wenyewe. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba Mwingereza hakuwekeza hapa kama alivyowekeza kule alikowapeleka walowezi wake kwa wingi.

Kalamu zilikuwa mikononi mwa nani?

Wengi wanaamini kwamba asubuhi ya 10 Desemba 1961 Mzungu alifungasha akaondoka, na Mwafrika akaketi kwenye kiti chake. Haikuwa hivyo, na isingewezekana kuwa hivyo. Wakati wa Uhuru, karibu robo tu ya nafasi za juu na za kati serikalini zilishikwa na wananchi wa Tanganyika. Mwalimu mwenyewe alipenda kukumbusha katika miaka yake ya baadaye kwamba tulianza na wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili, na kwamba watu wazima 85 kati ya 100 hawakujua kusoma wala kuandika.

Kwenye shule yetu ya mfano, mkuu mpya amefika na kukuta walimu watatu kati ya kila wanne ni marafiki wa mkuu aliyeondolewa. Akiwafukuza leo, kesho madarasa yanabaki wazi. Akiwaacha wote, wazazi wa mwembeni watamuuliza: tulipigania nini sasa?

Nyerere alichagua njia ya katikati, nayo ilimgharimu. Aliwaomba maofisa wa Kiingereza wabaki kwa muda, na Uingereza ikakubali kubeba sehemu ya gharama ya mishahara yao. Katika baraza lake la mwanzo, Waziri wa Fedha alikuwa Sir Ernest Vasey, aliyewahi kushika wizara ya fedha Kenya. Derek Bryceson, mkulima wa Kizungu, alipewa wizara. Amir Jamal, Mtanganyika mwenye asili ya Kihindi, alipewa mawasiliano na ujenzi. Pembeni yao walikuwapo Paul Bomani aliyetoka kwenye ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, Oscar Kambona, George Kahama, Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, na Rashidi Kawawa aliyetoka kwenye vyama vya wafanyakazi. Ukilitazama baraza hilo unaona kilichokuwa kinatafutwa: mtu wa fedha anayejua fedha, mtu wa ushirika anayewajua wakulima, mtu wa wafanyakazi anayejua kuzungumza na wafanyakazi.

Yupo pia Dunstan Omari, ambaye jina lake halitajwi kwenye hotuba za Desemba, na hilo hunisikitisha. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa DC, yaani mkuu wa wilaya wa enzi za mkoloni, yule ambaye wazee wetu walimwita Bwana Shauri. Akawa balozi wetu wa kwanza London, kisha akarudi kuwa mtumishi mkuu karibu kabisa na Rais. Watu kama yeye ndio waliojua faili linaanzia wapi, linasainiwa na nani na linaishia wapi. Kiongozi anaweza kutoa amri nzuri sana, lakini bila mtu wa kuigeuza kuwa barua, bajeti na nauli ya ofisa anayepelekwa Mpanda, amri hiyo inabaki kuwa hotuba.

Kufikia mwisho wa 1963, karibu nusu ya nafasi zile zilikuwa za wananchi. Ilibidi kujenga mahali pa kuwapata hao watu: Chuo Kikuu kilifunguliwa Oktoba 1961 ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Mtu angeweza kuuliza kwa nini wasianze na udaktari. Jibu liko kwenye kazi yenyewe: nchi iliyokuwa inaandika sheria zake upya ilihitaji wa kuziandika na wa kuzisimamia mahakamani, na mahakimu na majaji wake karibu wote walikuwa wageni.

Mwananchi ni nani?

Kabla ya Uhuru lilizuka swali ambalo lingeweza kuivunja serikali ile ikiwa bado changa. Oktoba 1961, Bungeni, baadhi ya wabunge wa TANU walitaka uraia wa nchi mpya uwe wa Waafrika tu. Hoja yao ilikuwa na uchungu wa kweli ndani yake, maana Mwafrika ndiye aliyekuwa amewekwa daraja la chini kwa miaka yote ya ukoloni, chini ya Mzungu na Mhindi.

Nyerere alikataa kwa ukali. Aliwaambia wazi kwamba kuweka uraia juu ya rangi ya ngozi ni kuifuata njia ya Hitler, na kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kuipitisha sheria ya namna hiyo. Sheria iliyopita iliweka uraia juu ya kuzaliwa na uaminifu kwa nchi, na wasioupata moja kwa moja wakapewa miaka miwili ya kuomba.

Naliona hili kuwa jiwe la msingi kuliko baraza la mawaziri lenyewe. Huwezi kumtoza mtu kodi, kumpa hati ya kusafiria, kumwajiri wala kumpeleka vitani kabla hujaamua kama ni wako.

Siku 44

Sasa tufike kwenye jambo linaloshangaza kuliko yote. Tarehe 22 Januari 1962, siku 44 tu baada ya Uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu. Kawawa akachukua nafasi.

Wapo wanaodai alishindwa kazi, na wapo wanaodai alipinduliwa kimyakimya na chama chake. Manung'uniko yalikuwapo kweli. Wanachama na vyama vya wafanyakazi walikuwa wamechoka kuona Mzungu bado yuko kwenye meza ya Bwana Shauri. Lakini sababu aliyoitoa mwenyewe inaeleweka vizuri ukirudi pale mwembeni.

Wazazi wakishampata mwalimu mkuu wanayemtaka, hufanya nini? Hutawanyika. TANU ilikuwa inatawanyika. Makatibu wake hodari wameshakuwa mawaziri, mabalozi na maofisa, na ofisi za chama wilayani zimebaki na meza na picha ukutani. Wanachama wengi hawakuona tena sababu ya kulipa ada, kwa kuwa Uhuru waliouchangia umeshapatikana. Na serikali ya Dar es Salaam haikuwa na njia nyingine ya kufika Newala au Ngara, kusikia watu wanasema nini na kuwaeleza kwa nini kodi bado ipo baada ya Uhuru. Njia aliyoiacha mkoloni ilikuwa ya amri kutoka juu, kwa hiyo ilijua kushuka tu.

Nyerere aliutumia mwaka 1962 kuzunguka nchi na kukifufua chama. Kauli ilikuwa "Uhuru na Kazi". Watu walichimba barabara na kujenga madarasa kwa mikono yao, na chama kikapata kazi mpya baada ya ile ya kudai Uhuru.

Wakati huohuo Mzee Kawawa alikuwa anafanya kazi nzito ambayo mara nyingi historia humpa Mwalimu. Yeye ndiye aliyeharakisha kuwaweka Waafrika kwenye nafasi za wageni. Chini yake majimbo yakawa mikoa, na Wakuu wa Mikoa na wa Wilaya wakateuliwa kutoka miongoni mwa wanasiasa, hatimaye wakishika na ukatibu wa chama katika maeneo yao. Chini yake pia zilipita sheria za kubana migomo na ile ya kuweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Na ni serikali yake iliyoandaa katiba ya Jamhuri, iliyompa Rais mamlaka ambayo Waziri Mkuu hakuwa nayo.

Novemba 1962 Nyerere alisimama kugombea urais dhidi ya Zuberi Mtemvu wa African National Congress (chama cha Tanganyika, si kile cha Afrika Kusini), akashinda kwa zaidi ya asilimia 97. Tarehe 10 Desemba 1962 alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Tumezoea sana jambo hilo hata tunalipita bila kulitazama, lakini fikiria mkulima aliyezoea kwamba maneno ya serikali yanamfikia kupitia kwa mkalimani, siku hiyo akamsikia mkuu wa nchi moja kwa moja.

Watemi walikwenda wapi?

Mkoloni wa Kiingereza alitawala vijijini kupitia machifu. Aliwalipa, nao wakakusanya kodi na kuamua kesi. Nyerere mwenyewe alikuwa mtoto wa mtemi, Burito wa Wazanaki, kwa hiyo aliifahamu nyumba hiyo kutoka ndani. Mwaka 1963 cheo cha chifu kama mkono wa serikali kilifutwa, na kazi zake zikaenda kwenye halmashauri, mahakama na maofisa wa wilaya.

Kilichofutwa ni cheo cha kiserikali. Mila, ukoo na heshima ya mtemi nyumbani kwake havikuguswa na sheria ile, ingawa vilipungua nguvu kwa kukosa mshahara na bakora. Wala watu wenyewe hawakutupwa: Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe na mjukuu wa yule Mkwawa aliyepigana na Wajerumani, alikuwa ameshakuwa Spika wa Bunge. Miaka michache baadaye pengo la kijijini lilizibwa na balozi wa nyumba kumi, ambaye wengi wetu tulimkuta bado anafanya kazi: kugonga mlango kutangaza mkutano, kusuluhisha ugomvi wa uzio, kumjua mgeni aliyelala kwa nani.

Bunduki

Mpaka hapo sijataja jeshi, na ndilo nusura liangushe kila kitu. Tanganyika Rifles lilikuwa jeshi la mkoloni lililobadilishiwa jina: vikosi viwili, kimoja kambi ya Colito jijini Dar es Salaam na kingine Tabora, maofisa wake wengi wakiwa Waingereza. Tarehe 7 Januari 1964 Nyerere alitangaza mwisho wa kuwapendelea Waafrika kuliko raia wengine katika ajira za serikali. Kwa askari aliyekuwa anamsubiri ofisa wa Kizungu aondoke ili naye apande cheo, tangazo lile lilikuwa kama mlango kufungwa usoni. Siku tano baadaye yakatokea Mapinduzi Zanzibar, na mamia ya polisi wa Dar es Salaam wakapelekwa huko.

Usiku wa kuamkia 20 Januari askari wa Colito waliasi. Waliwakamata maofisa wao, wakataka mishahara zaidi na waondolewe Waingereza. Rais na Makamu wake wakafichwa, na Kambona akabaki peke yake kuzungumza na waasi. Watu waliuawa mitaani na maduka yakaporwa. Tarehe 25 Januari Nyerere alilazimika kuomba askari wa Uingereza waje kuwanyang'anya waasi silaha. Walikuja kwa helikopta kutoka kwenye meli, na wakamaliza kazi ndani ya saa chache. Kwa kiongozi aliyekuwa ameongoza mapambano ya kumtoa Mwingereza, ile ilikuwa fedheha, naye hakuificha.

Aliivunja Tanganyika Rifles yote. Tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi, chini ya Mirisho Sarakikya, likichukua vijana wengi kutoka Umoja wa Vijana wa TANU. Colito ikaitwa Lugalo, mahali Wahehe walipowapiga Wajerumani mwaka 1891. Askari akaruhusiwa kuwa mwanachama wa chama. Jeshi hilo halijawahi kuipindua serikali, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika za kizazi kile haziwezi kulisema.

Kuna gharama, na si haki kuipita kimya. Baada ya maasi, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walitiwa ndani, na badala ya vyama vyao likawekwa shirikisho moja, NUTA, chini ya mkono wa serikali. Katiba ya Uhuru na ile ya Jamhuri hazikuwa na sura ya haki za binadamu. Hiyo iliingia mwaka 1984. Mwaka 1965 chama kimoja kikawa sheria. Ukirudi kwenye mfano wetu, kamati ya wazazi, mwalimu mkuu na mlinzi wa geti wakawa wa familia moja. Shule ilikwenda kwa utulivu, lakini mzazi mwenye malalamiko alibaki na mlango mmoja tu wa kugonga.

Hata hivyo mlango huo haukuwa wa kuchorwa ukutani. Katika uchaguzi wa 1965, kila jimbo lenye ushindani lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Wapiga kura waliwaangusha mawaziri, akiwamo Paul Bomani, Waziri wa Fedha.

Na fedha zenyewe? Miaka yote hiyo Tanganyika ilitumia shilingi ya Afrika Mashariki iliyotolewa na bodi ya pamoja, kama ilivyotumia reli, posta, bandari na forodha za pamoja na Kenya na Uganda. Hilo liliokoa nchi changa isilazimike kujenga kila kitu kwa mkupuo, ila pia lilimaanisha kwamba serikali ya Dar es Salaam haikuwa na sauti ya peke yake juu ya pesa iliyokuwa mfukoni mwa raia wake. Benki Kuu yetu ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na wakati huo ndipo mtu wa Kariakoo alipolipwa chenji kwa noti yenye jina la Tanzania. Bendera ilikuwa imepepea kwa miaka minne na nusu.